Mbwa Mwenye Vipele: Namna ya Kumtuliza Nyumbani Bila Kumdhuru

Mombasa si mji mwepesi kwa ngozi ya mbwa. Joto la kaskazi, hasa Februari na Machi, humfanya aheme kutwa nzima. Masika yakiingia, unyevu hauondoki kwenye manyoya hata akiwa amelala ndani. Ongeza mchanga, maji ya kisima yenye chumvi, na viroboto ambao hapa kwetu hawana msimu wa kupumzika. Ndiyo maana kuanzia Likoni mpaka Shanzu ni vigumu kupata nyumba yenye mbwa ambayo haijawahi kumwona akijitafuna mzizi wa mkia mpaka damu itoke.

Mwongozo huu unahusu vipele vya kawaida: wekundu, muwasho, ngozi kavu inayobambuka, au kidonda kidogo alichojitia mwenyewe kwa kujikuna. Utakusaidia kumpa nafuu leo na kesho, na kujua ni wakati gani mambo yamepita uwezo wa nyumbani. Kipele ni ishara tu, kuna kitu kilichokileta, na kitu hicho usipokishughulikia muwasho utarudi wiki ijayo.

Kanuni moja naomba uishike tangu sasa, maana karibu kila hatua hapa chini inaitegemea. Chochote unachompaka mbwa, hesabu kwamba amekila. Ataking'ang'ania kwa ulimi mpaka kiishe. Kwa hiyo kabla hujafungua kopo lolote, jiulize kama ungekubali kumwekea kitu hicho kwenye sahani yake.

Kabla hujamgusa

Mbwa anayewashwa ana maumivu, na mwenye maumivu huuma hata mkono unaomlisha. Tafuta mtu wa pili anayemzoea, amshike kichwa na kuzungumza naye taratibu huku wewe ukifanya kazi. Kama ni mkali, mfunge mdomo kwa kipande cha kitambaa laini cha pamba: zungusha juu ya pua, pitisha chini ya kidevu, funga nyuma ya masikio. Usimfunge akiwa anahema sana au anatapika, na mfungue mara tu umalizapo. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na kwa joto letu mdomo uliofungwa muda mrefu ni hatari.

Kichaa cha mbwa bado kipo Kenya. Ikiwa mbwa wako hajachanjwa na tabia yake imebadilika ghafla, yaani mate yanamdondoka, sauti si ile yake, anauma vitu ovyo au amekuwa mlegevu asiyejitambua, usimguse kabisa. Mfungie mahali pamoja na uwaite watu wa mifugo wa kaunti. Mtu akiumwa au kuparuzwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, si kesho.

Vaa glavu. Zile nyepesi za duka la dawa zatosha. Upele na choa huhama kutoka kwa mbwa kwenda kwa mtu, na watoto ndio huambukizwa upesi. Glavu zina faida nyingine pia kwa majirani na vijana wa kazi ambao ni Waislamu. Wengi hapa pwani wanafuata madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu kama huyo akikubali kukusaidia kumshika mbwa, mpe glavu, aproni na ndoo yake mwenyewe bila kungoja aombe. Wako wengi wanaomhurumia mnyama kwa dhati, na kinachowazuia ni namna tu ya kumshika.

Mkague mwili mzima

Fanya hivi mchana, nje, penye mwanga wa kutosha. Anza kwenye masikio ushuke mpaka vidole vya nyuma, ukipasua manyoya kwa vidole ili uione ngozi yenyewe. Piga picha kila sehemu iliyobadilika. Chukua muda wako, kwa sababu mahali kipele kilipo mara nyingi ndipo panapokuambia kimeletwa na nini.

Akijitafuna zaidi mgongo wa chini, mzizi wa mkia na mapaja kwa ndani, anza kushuku viroboto. Huenda usimwone hata mmoja, lakini jaribio hili ni rahisi. Lowesha karatasi nyeupe ya tishu, iweke chini yake, kisha mpitishie kitana chenye meno ya karibu. Punje nyeusi zikidondoka juu ya karatasi na baada ya muda zikatoa rangi nyekundu ya kahawia, hicho ni kinyesi cha kiroboto, ambacho ni damu iliyokwisha kusagwa tumboni mwake. Kwa mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto, kuumwa mara chache tu kunatosha kumwasha siku nyingi. Kwa hiyo usikubali neno la mtu anayesema, "Mbona sioni kiroboto?"

Akiwa na magamba kwenye ncha za masikio, viwiko na visigino, na hapati usingizi kwa kujikuna, huenda ni upele unaoletwa na utitiri wanaochimba ndani ya ngozi. Shika ncha ya sikio, uisugue taratibu kati ya vidole viwili. Mguu wake wa nyuma ukianza kukwaruza hewa wenyewe, hiyo ni dalili nzito. Ikiwa pia watu wa nyumbani wametoka vipele vyekundu mikononi au tumboni, acha hatua za nyumbani, mpeleke kwa daktari. Kuna utitiri wa aina nyingine wanaoishi ndani ya vishimo vya manyoya. Huyu kawaida hutoa vipara kuzunguka macho, mdomo na miguu ya mbele ya mbwa mchanga, pengine bila muwasho mkubwa, naye haambukizi watu.

Kipara cha mviringo chenye magamba pembezoni kinaweza kuwa choa. Ngozi yenye mafuta, iliyogeuka nyeusi kama ya tembo, yenye harufu ya uchachu kwenye makwapa, masikio na kati ya vidole, kwa kawaida ina fangasi wa jamii ya hamira, ambao wanapenda sana unyevu wetu. Wekundu wa tumbo na kinena peke yake, mahali pasipo na manyoya, mara nyingi umetokana na kitu alicholalia: sakafu iliyopigwa deki kwa dawa kali bila kusuuzwa, nyasi fulani, au upupu kwenye vichaka vya kiwanja kilichoachwa. Fikiria alikuwa wapi jana.

Kuna uvimbe mmoja ambao watu wa pwani wanapaswa kuujua. Ni kama jipu, lakini katikati lina tundu dogo, na ukilitazama kwa utulivu utaona kitu kinasogea kikichungulia. Huyo ni buu wa nzi, yule ambaye kwa ajili yake tunapiga pasi nguo zilizoanikwa nje. Nzi hutaga kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye matandiko mabichi, mbwa akalala hapo. Usiliminye! Buu akipasukia ndani, ngozi huvimba na kuoza. Ziba tundu kwa mafuta mazito ya kujipaka yasiyo na manukato ili akose hewa, kisha mpeleke atolewe. Buu huyu si yule funza wa miguuni, ambaye utamkuta kwenye nyayo na kando ya kucha kama punje nyeupe yenye doa jeusi. Huyo naye hutolewa kwa kifaa safi na mtu anayejua.

Kupe watafute ndani ya masikio, chini ya ukanda wa shingo na kati ya vidole. Tumia kibano. Mshike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja juu bila kuzungusha, mtie kwenye chupa ya spiriti. Usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta ya taa. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza magonjwa ya damu, kwa hiyo mbwa aliyekuwa na kupe wengi kisha akawa mnyonge, ufizi ukapauka na mkojo ukageuka mweusi, hana ugonjwa wa ngozi tena. Huyo ni wa daktari leo leo.

Mpoze kwanza

Joto huongeza muwasho. Mhamishe kivulini au ndani penye feni, mpe maji ya kunywa. Chukua taulo dogo, liloweke kwenye maji ya baridi, likamue, ulilaze juu ya sehemu nyekundu kwa dakika tano mpaka kumi, kisha ulilowe tena. Rudia mara kadhaa kwa siku. Barafu usiiweke moja kwa moja juu ya ngozi.

Angalia maji yenyewe. Tangi jeusi lililoko juu ya dari, saa saba mchana, hutoa maji ya moto kabisa, na wengi humwagia mbwa bila kupima. Yaguse kwa kifundo cha mkono. Ukihisi ni ya vuguvugu kwako, kwa mbwa mwenye vipele yameshazidi. Chota yaliyokaa usiku kucha kwenye mtungi ndani ya nyumba.

Muogeshe ipasavyo

Kuoga kunamsaidia sana mbwa anayewashwa, na kunamharibu sana kukifanywa vibaya. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu na haina uchachu kama wetu, kwa hivyo sabuni zetu hukwangua mafuta yake ya asili. Sabuni ya mche, sabuni ya unga, ya kuoshea vyombo, hata shampuu nzuri ya mama mwenye nyumba, zote weka kando. Tafuta shampuu ya mbwa isiyo na manukato. Kama leo huna, muogeshe kwa maji matupu. Yatatoa vumbi, mchanga na chavua, na hiyo peke yake ni nafuu.

Kama ngozi ni kavu na inawasha bila usaha wala harufu, tumia oti, zile za kupikia uji, tupu kabisa, zisizo na sukari, maziwa, chokoleti wala zabibu kavu. Saga kikombe kimoja kwenye blenda mpaka iwe laini kama unga wa ngano. Jaribu kijiko kimoja kwenye glasi ya maji: maji yakigeuka meupe kama tui na unga usitue chini upesi, umesaga vizuri, ukitua kama mchanga, saga tena. Koroga kikombe hicho kwenye ndoo ya lita 10 ya maji ya baridi. Oti zina viambato vinavyotuliza uvimbe na muwasho, na akijilamba hazimdhuru.

Kama kuna vipele vyenye vichwa vya usaha, mafuta na harufu, oti hazitoshi. Hapo omba shampuu ya mbwa yenye klohekzidini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 2 hadi 4, ambayo hupatikana kwa madaktari wa mifugo na kwenye baadhi ya agroveti. Inafanya kazi ikikaa juu ya ngozi dakika 10 kamili. Watu humpaka na kumsuuza papo hapo, kisha wanasema dawa ni mbovu. Isiingie machoni wala ndani ya masikio.

Sasa maji. Sehemu nyingi za kisiwani na bara visima vyake ni vya chumvi, na tumezoea kuogea. Mbwa mzima huvumilia. Mwenye vipele, chumvi ikikauka kwenye ngozi yake humkausha na kumwasha zaidi. Kama maji matamu ni ya kununua na mitungi imepanda bei, basi lowesha na kupaka shampuu kwa maji ya kisima, lakini mtungi mmoja wa lita 20 wa maji matamu uuweke wa kusuuzia. Hicho ndicho kipande cha kazi ambacho sitaki uokoe pesa.

Muogeshe asubuhi, au baada ya alasiri jua likiwa bado lipo, ili akauke kabla ya giza. Mtie pamba kidogo masikioni, bila kuisukuma. Kama ana viroboto, anza kwa kumzungushia povu shingoni, maana wakilowa mwilini wote hukimbilia kichwani, na povu lile huwa ukuta. Kisha shuka mgongoni, tumboni, miguuni. Mmwagie kwa kata, polepole. Presha ya mpira wa maji huumiza ngozi iliyochubuka. Maji ya oti mwagia na kukanda kwa kiganja, bila kusugua kwa brashi wala dodoki, kwa dakika 10 hadi 15, ukirudia kuyachota chini ya beseni. Suuza mpaka maji yatoke yakiwa safi bila utelezi.

Kumkausha ndiko watu wanakokosea zaidi hapa Mombasa. Hewa yetu ina maji mengi kiasi kwamba mbwa mwenye manyoya mazito, kama wale wa Kijerumani wanaolinda nyumba za Nyali, anaweza kulala na unyevu mpaka kesho yake. Bana taulo juu ya manyoya, usisugue. Tumia taulo la pili likilowa la kwanza. Kausha kati ya kila kidole, makwapani, kinenani, chini ya mkia, na ndani ya mikunjo ya shingo. Ukanda wake wa shingo uvue, uanike juani, usimrudishie ukiwa mbichi. Kisha mweke mbele ya feni. Mashine ya kukaushia nywele yenye joto sitaki kuisikia.

Shampuu ya kawaida isizidi mara moja kwa wiki. Ile ya klohekzidini daktari huagiza mara mbili kwa wiki kwa muda maalumu.

Kuhusu bahari: usimpeleke ufuoni ukidhani chumvi itakausha vipele. Maji ya bahari yana chumvi mara tatu na zaidi ya ile ya kuoshea kidonda, na mchanga hukwama kwenye kila mkunjo. Mbwa anayependa kuogelea msuuze kwa maji matamu mara tu mrudipo, akiwa na afya au asipokuwa nayo.

Doa bichi linalotoa majimaji

Wakati mwingine mbwa hujilamba sehemu moja, shavuni au pajani, na katika saa chache tu panageuka kidonda chekundu, kinachong'aa, manyoya yamegandana juu yake. Linapanuka haraka hasa wakati wa mvua.

Ondoa manyoya yanayolifunika ili hewa ipite. Mkasi ni hatari juu ya ngozi iliyovimba. Ukilazimika kuutumia, tanguliza kitana kati ya ngozi na mkasi, ukate yale yaliyo juu ya kitana tu. Chemsha lita moja ya maji, tia kijiko kimoja na nusu cha chai, vya kusawazishwa, cha chumvi safi, acha yapoe kabisa. Chovya pamba au kitambaa safi, gonga gonga taratibu mpaka ukoko ulainike na utoke wenyewe. Kausha. Acha wazi, usifunge bendeji. Fanya mara mbili au tatu kwa siku, kila mara kwa pamba mpya.

Mfungie ndani mchana, nzi wasimfikie. Doa likipanuka ndani ya saa 24, au likianza kunuka, usisubiri siku ya pili, mpeleke kwa daktari.

Mzuie ulimi

Dawa zote zitashindwa kama anaendelea kujilamba. Kola ya plastiki yenye umbo la faneli inauzwa, lakini unaweza kuitengeneza kwa ndoo ndogo ya plastiki iliyokatwa kitako, kingo zake ukazizungushia utepe wa gundi ili zisimkate, ukaifunga kwenye ukanda wake kwa kamba. Hakikisha anaweza kunywa maji na kuhema mdomo wazi. Kama vipele viko kifuani au tumboni, fulana kuukuu ya mtoto, ya pamba, miguu ya mbele ikipita kwenye mikono ya fulana, inafaa vizuri usiku. Mchana wa Februari mvue, atapata joto.

Vitu ambavyo hutampaka

Hapa ndipo naomba unisikilize zaidi, kwa sababu mbwa wengi huumia kwa dawa walizopakwa kwa nia njema.

Oili chafu ya gari ndiyo ya kwanza. Utaambiwa inaua upele. Ina madini mazito na kemikali za injini, hupenya ngozini, huchoma, na akiilamba huingia tumboni na mapafuni. Mafuta ya taa ni vivyo hivyo. Vyote viwili vimewahi kumletea mbwa mwisho wake huku mwenyewe akiamini anamtibu.

Ya pili ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Utaingia agroveti kueleza shida yako, na kijana wa dukani, bila ubaya wowote moyoni, atakwambia, "Chukua hii, boss, tia kifuniko kimoja kwa ndoo, siku tatu amepona." Kifuniko si kipimo. Dawa ya amitrazi, ambayo ndiyo hasa huuzwa hivi, kwenye chupa ni ya asilimia 12.5, na kwa mbwa lazima izimuliwe mara mamia. Ikizidi, mbwa huzubaa, moyo hupunguza mwendo, mwili hupoa na sukari hupanda katika damu. Kuna wakati daktari huitumia kwa utitiri, kwa kipimo chake na kwa mbwa anayeifaa. Mwachie yeye. Sindano ya aivamektini, dawa ya minyoo na wadudu ya mifugo, nayo usimruhusu mtu yeyote amdunge bila kujua uzito na jamii ya mbwa. Jamii za koli, wale mbwa wa kuchungia kondoo, na baadhi ya nyingine zina kasoro ya kurithi inayoiacha dawa hiyo ifike kwenye ubongo.

Dawa za kupaka za binadamu zina mitego. Losheni ya kalamini na krimu za upele wa nepi zina zinki, ambayo ikilambwa mara kwa mara humsumisha. Krimu za steroidi zinazouzwa kila duka la urembo hupunguza wekundu siku mbili, kisha choa huchanua chini yake. Mafuta ya mti wa chai, hata matone machache yasiyozimuliwa, ni sumu kwake.

Na mimea yetu? Mwarobaini tunauheshimu, na majani yake yaliyochemshwa watu wengi wameyatumia kuogeshea mifugo. Lakini mafuta yake ni makali, husababisha kutapika yakimezwa, kwa hiyo usiyapake mbwa mchanga, mwenye mimba, wala mwenye vidonda. Shubiri ina ule utomvu wa manjano chini ya ganda, akiulamba ataharisha. Ndimu na siki huchoma ngozi iliyochubuka. Manjano hayaui utitiri, yatachafua baraza tu. Mafuta ya nazi safi, matone machache yaliyopakwa kwenye viwiko au pua iliyokauka, sina neno nayo. Kwenye ngozi yenye harufu na unyevu usiyaweke, yatafungia joto na uchafu ndani.

Vidonge vya binadamu vya maumivu, parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki, usimpe hata nusu. Vya mzio vipo ambavyo madaktari wa wanyama huvitumia, lakini kipimo kiulize kwa simu, na kamwe usimpe vile vilivyochanganywa na dawa ya mafua.

Shughulikia viroboto na anapolala

Viroboto unaowaona mgongoni ni sehemu ndogo sana ya kundi. Mayai, mabuu na vifukofuko vyao, ambavyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kama asilimia 95, viko kwenye gunia analolalia, kwenye nyufa za saruji, kwenye vumbi chini ya ngazi. Jike mmoja hutaga mayai hadi 40 au 50 kwa siku, na kwa joto na unyevu wetu yai huweza kuwa kiroboto mzima ndani ya wiki mbili au tatu. Ukimwogesha mbwa ukaacha gunia, umefanya kazi nusu.

Gunia kuukuu lichome. Matandiko ya kitambaa yafue kwa maji ya moto, yaanike juani siku nzima, uyageuze. Fagia kila siku kwa wiki kadhaa, hasa mahali pa kivuli, maana mabuu hukimbia mwanga. Deki ipigwe, kisha sakafu isuuzwe kwa maji matupu kabla mbwa hajarudi kulala.

Dawa ya viroboto na kupe ya mbwa, ya kumeza au ya kudondoshea shingoni, inunuliwe kwa uzito wake halisi. Mpime: panda mizani naye, kisha panda peke yako, utoe. Baadhi ya vidonge hulinda mwezi mmoja, vingine wiki 12. Mbwa mwenye kifafa, mweleze daktari kabla hujamchagulia kidonge. Wanyama wote wa nyumba watibiwe pamoja, lakini dawa ya mbwa yenye pemethrini, ambayo ni sumu ya wadudu, usimpake paka wala usimwache alale na mbwa aliyetoka kupakwa. Humuua paka, na mji wetu una paka kila kichochoro.

Chakula

Chakula si sababu ya kwanza kuishuku. Lakini mbwa anayewashwa mwaka mzima, hana viroboto, na masikio yake hayaponi, huenda ana mzio wa nyama fulani. Ya ng'ombe na ya kuku hutajwa mara nyingi. Kumpima ni kumlisha nyama ya aina moja ambayo hajawahi kuila, pamoja na wali, kwa wiki nane hivi, bila kuchovya kitu kingine. Zungumza na daktari kwanza. Na mabaki ya biriani na pilau usimpe hata akilia: kile kitunguu kingi huharibu damu yake.

Wakati wa kwenda kwa daktari

Nenda mara moja, hata usiku, akivimba uso au mdomo, akipumua kwa shida, akitetemeka au kuzubaa baada ya kupakwa dawa, au ukiona mabuu kwenye kidonda. Nenda siku hiyohiyo akikataa chakula, akiwa na joto linalozidi nyuzi 39.5 (la kawaida ni kati ya 38.3 na 39.2), au usaha ukianza kutoka. Mbwa wa chini ya miezi minne na jike mwenye mimba wasijaribiwe chochote zaidi ya maji na taulo la baridi. Na vipele vya kawaida visipopungua baada ya siku mbili au tatu za kazi hii yote, umefanya sehemu yako. Kilichobaki kinataka hadubini.

Hakikisha unayemwita ni daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kumuuliza cheti chake si utovu wa adabu. Mchukulie zile picha ulizopiga, orodha ya vyote ulivyompaka, hata vile unavyoona aibu kuvitaja, na chupa zenyewe kama unazo. Siku ya kwenda usimwogeshe wala usimpake kitu. Daktari atakwangua ngozi kidogo atazame utitiri na fangasi, na ngozi iliyotoka kuoshwa inaweza kuwaficha.